Suerte ya Nyumba Yenye Moshi

Hoyalpino, 11 Novemba 1984

Kwa Shangazi Joxepa,

Shikamoo. Mimi ni mzima isipokuwa miguu, na habari ya miguu utaikuta mbele kidogo.

Nimeripoti kazini. Ofisi ya kijiji ina vyumba viwili, jiko moja la kuni na meya mmoja, Bwana Leoncio, ambaye huongea kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Nikimjibu hutega sikio na kuuliza, "Karani, unaongea au unapumua?" Kipindi changu cha majaribio kinaisha mwishoni mwa Aprili, na yeye ndiye atakayeandika kama nithibitishwe au nirudishwe nyumbani. Chumba nimepanga kwa Bibi Benilde, mjane, mkali kuhusu mambo mawili tu: viatu ndani ya nyumba na moto wa jikoni.

Sasa miguu. Juzi bwana misitu, jina lake Saturio, alipita ofisini akasema, "Kesho asubuhi nakupeleka ukazione suerte za mwaka huu." Shangazi, wewe ndiye uliyenifundisha Kihispania pale mezani kwetu, ambapo wengine wote ni Wabaski wa Kibaski tu, na uliniambia suerte ni bahati. Nikadhani tunakwenda mjini kwenye duka la bahati nasibu. Nikavaa viatu vya ngozi na tai. Tukapanda mlima kwenye tope hadi mchana. Saturio alitazama viatu, akatazama tai, akasema, "Karani, misonobari hii haifungi ndoa leo."

Kumbe hapa suerte ni miti. Kila mwaka msitu wa kijiji hugawanywa mafungu, kila nyumba ikapata misonobari yake ya kukata, na fungu hilo ndilo suerte. "Suerte yangu ya mwaka jana ilikuwa mafundo matupu," wanalalamika mbele ya meza yangu, nami nimeshika kalamu nisijue niandike nini. Nimesoma miaka yote ile, na neno la kwanza kijijini limenishinda.

Mwanao,
Xanti


Errekalde, 20 Novemba 1984

Xanti,

Marahaba. Barua yako niliisoma kwa sauti dukani kwa Bittori mpaka pale penye tai. Hapo tulisimama, maana Bittori alikuwa amepaliwa.

Sikukudanganya. Suerte ni bahati. Ila mimi neno hilo nililiokota Buenos Aires, na sikulipata shuleni. Wachunga ng'ombe walikuwa wakirusha kifundo cha mguu wa ng'ombe chini, wakiweka dau. Mfupa ukitua upande mzuri juu, upande huo unaitwa suerte. Upande wa pili una jina lake pia, lakini wewe ni mtumishi wa serikali, sitakuandikia.

Kwa hiyo sasa unazo tatu: bahati, fungu la miti na upande wa mfupa. Wakikuletea ya nne ipokee, uipe na kiti. Neno haling'ati. Nunua buti.

Na ongeza sauti. Siku uliponisomea barua yako ya kuajiriwa nilikuwa nimekaa ubavuni kwako, na bado nilikuomba urudie.

Shangazi yako,
Joxepa


Hoyalpino, 16 Desemba 1984

Shangazi,

Shikamoo. Ya nne imefika. Kwenye hati za ofisi wameandika "kila suerte ya mizigo", nami nikamuuliza meya kama kijiji kinatoza ushuru wa bahati. Alicheka hadi akavua miwani. Maana yake ni "kila aina". Ya tano nilipewa na Saturio kwenye baa, akiwa ameshika kitambaa cha meza kama mpiganaji wa fahali: kila hatua ya pambano, tangu fahali anapoingia, nayo ni suerte. Nimezirudia zote tano kitandani, kama sala.

Lakini siandiki kwa sababu hiyo. Bibi Benilde ameanguka kwenye barafu mlangoni, amevunjika nyonga, amepelekwa hospitali mjini. Nilimsaidia Saturio kumpandisha garini. Nilidhani atalia au ataniaga. Alinishika mkono akasema, "Moto usizimike. Hata siku moja. Mimi sipendi nyumba baridi."

Yeye hayumo ndani ya nyumba, shangazi! Baridi itamfikiaje? Lakini sikuthubutu kuuliza. Kwa hiyo nawasha kabla ya kwenda kazini, mchana wenzangu wanakula mimi nakimbia kuchochea, jioni tena. Kwenye baa wameanza kuniita Mtumwa wa Jiko. Nacheka nao, kwa woga.

Mwanao,
Xanti


Hoyalpino, 27 Januari 1985

Kwa Bibi Benilde, wodi ya wanawake,

Shikamoo, Bibi. Kuku wote wazima. Theluji ni ya kawaida. Nyumba iko salama kabisa na haina tatizo lolote. Moto unawaka. Tafadhali usiwe na wasiwasi, upone kwanza.

Wako mtiifu,
Xanti Errazkin


Hoyalpino, 27 Januari 1985

Shangazi,

Leo nimemdanganya mgonjwa kwa maandishi, kwa mwandiko wangu bora. Theluji imevunja boriti kuu ya paa. Chumba chake kiko wazi, unaona mawingu ukiwa kitandani kwake. Changu kinavuja. Nimetandika godoro mekoni, nalala na miguu karibu na majivu, nikisikia paa linavyolalamika. Saturio amekuja na nguzo mbili za kushikiza. Anasema zitahimili hadi majira ya kuchipua, zaidi ya hapo hapana. Inahitajika boriti mpya, msonobari mnene ulionyooka, na mti wa namna hiyo haupatikani ila kwenye suerte ya mtu.

Bibi Benilde ana mwana mmoja, yuko jijini Zaragoza. Nimesikia anamtafutia mama yake nafasi kwenye nyumba ya wazee.

Xanti


Hospitali, 17 Februari 1985

Xanti mwanangu,

Ninamwambia muuguzi, anaandika. Marahaba.

Barua yako ni nzuri mno. Mimi nimeishi Hoyalpino tangu niolewe, na nyumba isiyo na tatizo lolote mwezi wa Januari sijaiona. Ni boriti ipi? Ikiwa ni ya ghala, iache. Ikiwa ni ya chumbani kwangu, usinijibu, nitaelewa.

Mwanangu alikuja na karatasi za nyumba ya wazee. Ni mtoto mzuri, anaogopa tu. Anasema, "Mama, nyumba ikiwa na paa nakurudisha mwenyewe kwa gari langu. Bila paa, unatia sahihi." Nimekubali, kwa sababu ni haki. Tumepeana muda hadi mwisho wa Mei.

Kuku mweupe usimwamini, anakula mayai yake. Moto vipi? Unawasha wewe mwenyewe, kwa mkono wako? Vizuri. Unalala wapi? Muuguzi anashangaa maswali yangu, mwache ashangae.

Kuhusu Aprili sisemi kitu. Na wewe usiniulize kitu. Nakuomba sana, usiniulize.

Benilde


Hoyalpino, 17 Machi 1985

Shangazi,

Shikamoo. Barua ya Bibi Benilde naifunga humu uisome mwenyewe. Mimi niliisoma nikadhani ni homa. Leo nimeelewa, na tangu nielewe siwezi kula.

Nilimuuliza Saturio kuna nini Aprili. Alimaliza kinywaji kwanza. Kisha akanieleza. Jumapili baada ya Pasaka ndiyo siku ya kugawa suerte, mbele ya kanisa. Karani anaziita nyumba moja moja. Mwenye nyumba hasemi "nipo". Anajibu "Moto!" Maana inayopata fungu ni nyumba iliyotoa moshi majira yote ya baridi, walioenda kukaa mjini wakarudi kuchukua miti tu hawana haki. Nyumba huitwa mara tatu. Asipojibu mtu, inafutwa, na ikishafutwa hairudi.

"Na mwenye nyumba akiwa mgonjwa?" nikauliza.

"Anaweza kujibu mwingine. Lakini awe amewasha moto huo kwa mkono wake, na amelala kando yake. Na asiwe ameombwa kujibu. Akiombwa, jibu limeharibika. Ndiyo sheria ya hapa."

"Asiwe ameombwa na nani?"

"Na yeyote." Akaangalia dirishani. "Hata mimi sikuombi, Mbaski. Mimi nazungumza habari za hali ya hewa."

Shangazi, kumbe ndiyo maana! Alikuwa amelala na nyonga iliyovunjika, anauliza habari za kuku mweupe, na neno analolitaka amelifungia mdomoni.

Sasa sikiliza jambo ambalo Saturio halijui. Jana meya alinipitisha kwenye majina ya nyumba, akaweka kidole kwenye jina la Benilde. "Hii ruka. Yuko mjini tangu kabla ya Noeli, nyumba haina mtu." Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, shangazi. Mimi ndiye mtu wa nyumba hiyo! Nguo zangu zilikuwa zinanuka moshi wake. Nilifungua mdomo, nikasema, "Ndiyo, Bwana Leoncio."

Si mtu mbaya. Amechoka na watu wa Zaragoza wanaokuja na magari kuchukua miti ya wenzao, na hapa mpangaji hahesabiwi kuwa mtu wa nyumba. Lakini amri ni amri, na mwezi ujao ndiye anayeandika kuhusu kazi yangu. Nikiita jina aliloniambia niruke, halafu nikajijibu mwenyewe mbele ya kijiji kizima, ataandika nini? Nisipoita, Bibi Benilde hana mti, bila mti hana boriti, bila boriti atatia sahihi.

Na kuna jambo la mwisho, ambalo ndilo linaloninyima usingizi zaidi. Jibu lazima lifike kwenye chemchemi, upande wa pili wa uwanja. Humweka pale mzee mmoja, Evelio, akisikia anainua kofia. Wamemchagua kwa sababu ndiye kiziwi kuliko wote.

Niambie la kufanya.

Xanti


Errekalde, 11 Aprili 1985

Xanti,

Barua yako imenikawilia, barabara ilikuwa imeporomoka, nami sijui kama hii itakufikia kabla ya Jumapili. Ikichelewa, isome hivyohivyo, nimetumia stempu.

Unaniomba nikuambie la kufanya. Mtoto mjanja! Nikikuambia jibu, nitakuwa nimekuomba, na jibu limeharibika. Unadhani sheria hizo ziko kwa Wahispania peke yao? Kwetu pia nyumba zilihesabiwa kwa moto tangu babu wa babu yako, na mtu akifa shemeji alikimbilia jiko kabla ya kukimbilia kasisi.

Kwa hiyo sikuambii kitu. Nitakueleza habari za hali ya hewa. Hapa mvua inanyesha. Chumba chako kiko palepale, kitanda nimekitandika. Ukirudishwa kazini, utarudi kwenye nyumba yenye maharage na shangazi, na hakuna atakayekuuliza. Hilo ulijue, ili usiogope kitu kisichostahili kuogopwa.

Jana nilikwenda nyuma ya zizi nikapaza sauti "Moto!" kuona ni vigumu kiasi gani. Jirani alikuja na ndoo mbili.

Joxepa


Hoyalpino, 15 Aprili 1985

Shangazi!

Shikamoo, shikamoo! Barua yako imefika leo asubuhi, imechelewa siku moja, na nimeicheka peke yangu ofisini hadi machozi. Naandika haraka, nisamehe mwandiko.

Jana uwanja ulijaa. Kulikuwa na baridi na jua. Mimi nilisimama kwenye ngazi za kanisa, na mfuko wa ngozi wenye namba za mafungu kiunoni, kwa sababu kwa desturi anayechota namba lazima awe mtu asiye na fungu, na mtu wa namna hiyo hapa ni karani tu. Meya kushoto kwangu. Evelio kule kwenye chemchemi, kofia kichwani, mikono juu ya fimbo.

Nikaanza. Kila nyumba ikajibu "Moto!", kofia ikapanda, kofia ikashuka. Wanawake wengine wanaita hadi korongo juu ya mnara wanageuza shingo. Nikafika mtaa wetu. Nikaita nyumba ya jirani. Iliyofuata ilikuwa ya Benilde, na baada yake ya Fidela, mwenye baa. Nikasikia meya akinong'ona, "Fidela."

Nikaita, "Nyumba ya Benilde!"

Meya akanigeukia polepole. "Karani, nilikwambia nini?"

Shangazi, kama ningemtazama ningekwisha. Nikatazama dohani ya nyumba yetu. Kutoka pale ngazini unaiona, na moshi ulikuwa unatoka, moshi wangu, nilitia kipande kikubwa kabla ya misa. Nikaita mara ya pili. Watu wakaanza kutazamana. Nikaita mara ya tatu, na baada ya hapo hakukuwa tena na mtu wa kujibu ila mimi.

Nikasema, "Moto."

Hata wa mstari wa mbele hawakusikia. Mmoja akauliza, "Amepiga chafya?" Wakacheka. Kofia ya Evelio haikusogea.

"Nani amejibu?" meya akauliza.

"Mimi, Bwana Leoncio. Mimi ndiye ninayewasha. Nalala mekoni tangu Januari."

"Umeombwa?"

"Sikuombwa."

Akanisogelea. Nilidhani atauchukua ule mfuko kiunoni kwangu. Badala yake akakunja mikono kifuani na kusema, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde, ili kila mtu asikie: "Basi Evelio hajakusikia. Na mimi sijakusikia. Hapa nyumba haipati miti kwa kunong'ona!"

"Meza mate, Mbaski!" Fidela akapiga kelele. "Ita kama unadai chenji!"

Mwingine akasema, "Mtumwa wa Jiko, mwamshe mzee!"

Sikujua kama wananidhihaki au wananisukuma. Nikavuta hewa, hewa ya baridi ikanichoma hadi tumboni. Nikamwona Bibi Benilde kitandani akiuliza habari za kuku. Nikafumba macho.

Sijui ile sauti ilitoka wapi. Nakuapia haikuwa yangu. "MOTO!" Korongo waliruka wote wawili. Mbwa wa Saturio akabweka. Nilipofumbua macho, Evelio alikuwa amesimama wima, kofia juu ya fimbo, fimbo juu ya kichwa, anaizungusha kama bendera, na anasema kwa kila mtu, "Huyo nimemsikia! Huyo nimemsikia vizuri sana!"

Uwanja ulilipuka. Fidela alinibusu na unga mikononi. Meya alisubiri wanyamaze, halafu akasema, bila kucheka, "Moshi tumeuona sote majira yote ya baridi. Kosa langu, sikuuliza ni wa nani. Nyumba ina moto. Endelea, karani, tunaganda hapa."

Nikachota namba yake kwa mkono huu unaoandika. Suerte yake iko juu kwenye korongo la mashariki, mahali pabaya, miti myembamba, mteremko mkali. Nilisikitika. Saturio akanivuta kando: "Myembamba yote isipokuwa mmoja. Huo nimeupima kwa mikono yangu, haiwezi kuuzunguka. Huo ndio boriti yako." Kesho wanapanda watu kumi na nyumbu wawili kuukata. Na mimi nitapanda. Kwa buti.

Kuhusu kazi yangu sijui. Meya leo hajaniambia neno zaidi ya habari za asubuhi. Ninaogopa bado, lakini kwa namna nyingine; ninaogopa huku nina njaa.

Mwanao,
Xanti


Ofisi ya Kijiji, Hoyalpino
30 Aprili 1985

Kwa Bw. Xanti Errazkin, Karani

Yah: KUTHIBITISHWA KAZINI

Unaarifiwa kwamba kipindi chako cha majaribio kimekwisha leo. Mwandiko: safi. Mahudhurio: mazuri, isipokuwa mchana, alipokuwa akikimbilia jiko. Utiifu: alikaidi amri moja ya mdomo, ambayo haikuwa sahihi. Sauti: inasikika hadi kwenye chemchemi.

Umethibitishwa.

Leoncio Arranz, Meya


Hoyalpino, 9 Juni 1985

Kwa Bi Joxepa, Errekalde,

Hatujuani, lakini nimekula maharage yako uliyomtumia kijana, kwa hiyo wewe si mgeni. Naandika mwenyewe, mkono wangu hauna kosa, ni nyonga tu.

Nimerudi. Mwanangu alinileta kwa gari kama alivyoahidi. Alisimama mlangoni akatazama juu, akaiona boriti mpya, nyeupe, bado inatoa utomvu, akarudi garini akakaa kidogo peke yake. Zile karatasi aliziacha humo. Mimi niliingia moja kwa moja jikoni nikaweka kiganja juu ya jiko. Lilikuwa na joto. Nilimwambia kijana anatia kuni nyingi mno, kwa sababu mtu lazima aseme kitu.

Hupaswi tena kuwa na wasiwasi kuhusu sauti yake. Sasa akiomba chumvi, Fidela anaileta kutoka ng'ambo ya barabara.

Anakuandikia, najua, kwamba neno suerte ameshalimaliza, maana zake zote anazo. Usimwamini. Kuna moja hajapewa. Hapa mgeni akilala mekoni majira ya baridi, akajibu kwa ajili ya nyumba isiyo yake, majira yanayofuata jina lake linaongezwa kwenye orodha ya wenye suerte. Saturio ameshatenga fungu moja zaidi la kugawa, upande wa jua. Bwana Leoncio ameshakubali. Kijiji kizima kinajua isipokuwa yeye. Usimwambie, nakuomba, na hili naruhusiwa kukuomba. Mimi Aprili nitakuwa ngazini pale kwa fimbo yangu, nijibu mwenyewe kwa ajili ya nyumba yangu. Nimeanza kufanya mazoezi, na kuku wameacha kutaga. Lakini ninachokisubiri hasa ni uso wake atakapofika mwisho wa majina, akute la kwake, na uwanja mzima unyamaze ukimngoja ajibu.

Namba yake hawezi kuichota mwenyewe. Itabidi tutafute mkono mwingine, wa mtu asiye na fungu. Bwana Leoncio anauliza kama wewe unaweza kuja.

Benilde